Barabara Kuu ya Thika: Ilivyopangwa, ilivyofadhiliwa na mzigo wa kuitunza

ABIRIA anayesafiri kutoka Nairobi kuelekea Ruiru husikia kondakta wa matatu akitangaza kituo kiitwacho Toll. Hapo hapana kizuizi wala karani wa kupokea fedha. Jina hilo ni masalio ya miaka ya 1980, wakati serikali ilipoweka vituo vya kutoza ada magari yaliyopita katika baadhi ya barabara kuu nchini ili zipatikane fedha za kuzikarabati.

Katika miaka ya 1990, mtindo huo uliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa mafuta. Ada haikufutwa. Ilihamishwa tu kutoka kando ya barabara hadi kwenye kituo cha petroli, ambako mwenye gari huilipa bila kuiona. Abiria naye huilipa ndani ya nauli.

Hivyo basi, jina la kituo hicho kidogo humkumbusha msafiri kwamba kila barabara ina mtu anayeilipia. Barabara Kuu ya Thika, iliyojengwa upya kati ya 2009 na 2012, ni mfano mwafaka wa jinsi barabara ya jiji hupangwa, jinsi fedha zake hutafutwa, na kwa nini kazi haimaliziki siku utepe unapokatwa.

Hali ilivyokuwa

Kabla ya ujenzi huo, Barabara ya Thika ilikuwa na leni mbili kila upande. Ilibeba magari ya wakazi wa Kasarani, Githurai, Ruiru, Juja na Thika waliokwenda kazini jijini, pamoja na malori na mabasi yaliyotoka eneo la Mlima Kenya na kaskazini mwa nchi. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu inayoelekea Isiolo, Marsabit na Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia.

Kizuizi kikubwa hakikuwa wembamba wa barabara pekee. Magari yalikwama hasa katika mizunguko ya Pangani, Muthaiga, njiapanda ya Outer Ring, Kasarani na Githurai. Katika kila mzunguko, msafara uliokuwa ukielekea jijini ulilazimika kungojea magari yaliyokuwa yakiingia kutoka pembeni. Si ajabu mtu kutumia saa mbili au zaidi asubuhi kusafiri umbali ambao barabara ikiwa wazi humchukua chini ya saa moja.

Mipango kabla ya tingatinga

Wananchi wengi huona barabara ikianza siku tingatinga zinapofika. Kwa kweli, kufikia siku hiyo mambo mengi huwa yameamuliwa, na ni vigumu kuyabadilisha bila gharama.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Wahandisi huhesabu magari yanayopita kwa saa na kwa siku, hupima uzani wa malori, na huchimba mashimo madogo ili kuchunguza udongo na tabaka za barabara iliyopo. Hesabu hizo ndizo huonyesha kama barabara inahitaji kuzibwa nyufa, kuongezewa tabaka jipya la lami, au kufumuliwa yote na kujengwa upya.

Uzani wa malori una umuhimu wa pekee. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara huongezeka kwa kasi kubwa kuliko uzani wenyewe. Ekseli inayobeba uzani maradufu huharibu barabara takriban mara 16 zaidi. Hii ndiyo sababu lori moja lililojazwa kupita kiasi linaweza kuleta hasara kuliko maelfu ya magari madogo, na ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake.

Baada ya hapo huja tathmini ya kiuchumi. Wataalamu hulinganisha gharama ya ujenzi na faida inayotarajiwa: mafuta yatakayookolewa, vipuri visivyochakaa upesi na saa ambazo wasafiri hawatazipoteza barabarani. Wakopeshaji huichunguza hesabu hii kabla ya kutoa hata senti moja.

Mradi pia hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka wa 1999, na ardhi inayohitajika hupimwa. Mwenye hatimiliki halali ana haki ya kulipwa fidia. Aliyejenga au kuchuuza bidhaa katika hifadhi ya barabara, hata kama amekuwa hapo kwa miaka mingi, hana haki kama hiyo kwa jina la ardhi. Katika Barabara ya Thika, kama katika miradi mingi ya Nairobi, majengo na vibanda vilivyokuwa kwenye hifadhi vilibomolewa ili kupisha ujenzi.

Aidha, chini na kando ya barabara ya jiji hupita mabomba ya maji na ya majitaka, nyaya za umeme na za simu. Kila kimojawapo kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana ratiba na bajeti yake. Kuhamisha vitu hivi huchukua muda ambao aghalabu haukadiriwi ipasavyo.

Fedha zilivyopatikana

Mradi wa Thika uligharamiwa na pande tatu: Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya.

Mnamo Novemba 2007, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 180 za Marekani kupitia hazina yake ya mikopo nafuu. Mikopo ya hazina hiyo katika kipindi hicho ilitolewa kwa muda wa miaka 50, na katika miaka 10 ya kwanza nchi iliyokopa haikutakiwa kurejesha deni lenyewe. Badala ya riba ya kawaida, mkopaji alitozwa ada ndogo ya huduma.

Kazi iligawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu ikawa na mwanakandarasi wake. Kampuni ya China Wu Yi ilipewa sehemu ya kutoka katikati mwa jiji hadi Muthaiga. Shengli ilijenga kutoka Muthaiga hadi Chuo Kikuu cha Kenyatta, nayo Sinohydro ikaendelea kutoka hapo hadi Thika. Kampuni zote tatu ni za China. Kugawanya kazi namna hii huwezesha sehemu mbalimbali kujengwa kwa wakati mmoja, na mwanakandarasi mmoja akichelewa, wengine hawalazimiki kusimama.

Ujenzi ulianza Januari 2009 na ulitarajiwa kukamilika mwaka wa 2011. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi barabara hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 50, mnamo Novemba 9, 2012. Katika sehemu zenye magari mengi, leni nne za awali ziliongezwa hadi nane, mbali na barabara za kando zinazowahudumia wakazi wa maeneo ya karibu. Mizunguko ya Pangani, Muthaiga, Outer Ring, Kasarani na Githurai ilipisha madaraja ya juu na njia za chini.

Kwa nini gharama hupanda

Mradi ulipoanza ulitajwa kuwa wa takriban Sh27 bilioni. Ulipokamilika, gharama ilikuwa imepita Sh30 bilioni. Msomaji anaweza kudhani kuwa nyongeza ya aina hii daima ni dalili ya wizi. Wakati mwingine ni kweli, na ndiyo maana hesabu za miradi ya umma hukaguliwa. Lakini zipo sababu nyingine zilizomo ndani ya mikataba yenyewe.

Kwanza, bei ya lami na dizeli hufuata bei ya mafuta ghafi duniani. Mikataba ya muda mrefu huwa na kifungu kinachomruhusu mwanakandarasi kulipwa zaidi bei hizo zinapopanda. Bila kifungu hicho, kila kampuni ingeongeza bei mapema kwenye zabuni yake ili kujikinga.

Pili, michoro hubadilishwa ujenzi ukiendelea. Daraja lililosahaulika linapoongezwa baada ya mkataba kutiwa saini, bei yake haishindaniwi tena kwa zabuni ya wazi, kwa kuwa mwanakandarasi tayari yuko kazini.

Tatu, ni ucheleweshaji wa malipo. Katika miradi inayofadhiliwa kutoka nje, mara nyingi mkopeshaji hulipia ujenzi ilhali serikali hulipia fidia ya ardhi na uhamishaji wa mabomba na nyaya. Sehemu ya serikali ikikosa fedha, mwanakandarasi huwa na mitambo na wafanyakazi lakini hana mahali pa kufanyia kazi. Muda huo humgharimu, na mkataba humpa haki ya kuudai ulipwe. Vilevile, cheti cha malipo kisicholipwa kwa wakati huzaa riba inayobebwa na mlipa kodi.

Wapita njia

Barabara ya Thika ilipunguza muda wa safari na kubadilisha sura ya eneo zima. Bei ya ardhi ilipanda, majumba ya kupangisha yakachipuka kuanzia Roysambu hadi Juja, na maduka makubwa kama vile Thika Road Mall na Garden City yakafunguliwa katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo, barabara yenye leni nane huwa kama mto kwa mtu anayetembea kwa miguu. Mama mboga ambaye zamani alivuka leni nne akielekea sokoni Githurai sasa alikabiliwa na magari yanayokwenda kwa kasi ambayo hayakuwa nayo hapo awali. Wapita njia kadhaa waligongwa na kufa. Katika baadhi ya maeneo yaliwekwa matuta, jambo la kushangaza katika barabara iliyojengwa kwa madhumuni ya kuondoa vizuizi. Madaraja zaidi ya wapita njia yalijengwa miaka kadhaa baada ya barabara kufunguliwa.

Lawama aghalabu huelekezwa kwa wapita njia wanaokataa kutumia madaraja. Wapo wanaostahili lawama hiyo. Lakini daraja lililo mbali na mahali watu wanaposhukia matatu humlazimisha mzee, mgonjwa au mama aliyebeba mtoto kutembea mbali, kupanda ngazi na kisha kurudi. Watu huvuka palipo na njia fupi. Mpangaji anayetaka waokoke ana wajibu wa kuwahesabu mapema, kama anavyohesabu magari, na kuweka daraja pale miguu yao inapoelekea.

Uchukuzi wa umma nao ulifikiriwa baadaye. Mnamo 2018, mistari myekundu ilichorwa kwenye barabara hiyo kutenga leni za mabasi ya mwendo wa kasi. Mabasi hayo hayakuwapo, na wenye magari waliendelea kutumia leni hizo kama kawaida. Miaka michache baadaye ulianza ujenzi wa vituo vya mabasi hayo katikati ya barabara, kazi iliyolazimu kuchimbwa kwa sehemu zilizokuwa zimekamilika. Lau nafasi ya mabasi ingetengwa kwenye michoro ya kwanza, sehemu ya gharama hiyo ingeepukika.

Pamoja na hayo, leni nane haziendelei hadi ndani ya jiji. Zikifika Pangani hugawanyika na kumwaga magari katika Barabara ya Murang'a, Ngara na iliyokuwa Forest Road, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Kutoka hapo yanaingia kwenye mitaa ambayo haikupanuliwa. Msongamano ulioondolewa Githurai ulisogea karibu na mzunguko wa Globe. Kadiri nyumba zilivyoongezeka kandokando ya barabara mpya, ndivyo magari yalivyoongezeka, na asubuhi foleni zikarejea.

Njia nyingine za kufadhili

Mkopo nafuu si njia ya pekee. Upanuzi wa baadhi ya sehemu za Barabara ya Ngong ulifanywa kwa msaada wa serikali ya Japan usiorejeshwa. Msaada wa namna hii hauachi deni, lakini kiasi chake na wakati wa kutolewa huamuliwa na anayetoa.

Njia ya tatu ni ushirikiano na mwekezaji wa kibinafsi, kama ulivyofanyika katika barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa takriban kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilitafuta fedha na kuijenga. Ilifunguliwa kwa majaribio Mei 2022, na mwekezaji alipewa miaka 27 ya kutoza ada kabla ya kuikabidhi kwa serikali. Hapo anayelipa ni yule anayeitumia, ila asiyeweza kulipa hubaki chini na foleni yake.

Mpango wa kurejesha ada katika Barabara ya Thika umetajwa na serikali mara kadhaa tangu ifunguliwe. Kila mara umezua swali lile lile: Je, ni haki mwananchi anayelipa ushuru wa mafuta na anayelipia mkopo kupitia kodi atozwe tena kwenye kizuizi?

Ushuru wa mafuta

Sheria iliyoanzisha Hazina ya Ushuru wa Kukarabati Barabara ilipitishwa mwaka wa 1993. Bodi ya Barabara Nchini, inayosimamia fedha hizo, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1999. Mwaka wa 2007 zikaundwa halmashauri tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za mashambani. Utaratibu wa wakati huo uliitengea KeNHA asilimia 40 ya ushuru, KeRRA asilimia 32 na KURA asilimia 15. Miji yote nchini, Nairobi ikiwemo, ilikuwa igawane asilimia hizo 15.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo tena kwa kuzipa serikali za kaunti wajibu wa barabara za kaunti. Tangu hapo, magavana na serikali kuu wamekuwa wakivutana kuhusu mgao wa ushuru huo. Mnamo 2024 na 2025, mvutano kati ya magavana na Bunge la Kitaifa ulihusu Sh10.5 bilioni. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Shimo lililo barabarani halijui kama liko upande wa kaunti au wa KURA, ila mwenye boda boda anayetumbukia humo hulijua vyema.

Mnamo Julai 2024, ushuru huo uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka uliofuata, serikali iliamua kutumia Sh7 katika kila Sh25 kama dhamana ya kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai malimbikizo ya miaka mingi.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa viwango hivyo vya 2025, mwenye matatu aliyenunua lita 40 za dizeli alilipa ushuru wa barabara wa Sh1,000. Kati ya fedha hizo, Sh280 zilienda kulipia kazi iliyofanywa zamani, na Sh720 ndizo zilizobaki kwa matunzo na mahitaji mengine ya barabara. Wanakandarasi walistahili kulipwa, na miradi mingi ilikuwa imekwama kwa kukosa fedha. Lakini fedha za kesho zikishatumiwa kulipa deni la jana, mashimo ya leo hulipiwa na kilichosalia.

Umri wa lami na umri wa deni

Adui mkuu wa barabara ni maji. Ufa mdogo usipozibwa, maji ya mvua hupenya hadi kwenye tabaka za kokoto na udongo zinazoibeba lami. Tabaka hizo zikilegea, magurudumu huibonyeza lami, nayo huvunjika na kuwa shimo. Kuziba ufa ni kazi ya siku moja na gharama ndogo. Kuongeza tabaka la lami ni kazi ya miezi. Kufumua barabara na kuijenga upya ni kazi ya miaka, na hulazimu kutafutwa kwa mkopo mwingine. Mtaro ulioziba taka unaweza kuleta hasara hiyo yote, nao huzibuliwa kwa koleo.

Barabara ya lami kwa kawaida hubuniwa kudumu kati ya miaka 15 na 20 kabla ya kuhitaji kazi kubwa. Mkopo wa miaka 50 uliotolewa mwaka wa 2007 huendelea kulipwa hadi katika miaka ya 2050. Maana yake ni kuwa lami ya Barabara ya Thika itahitaji kufanywa upya zaidi ya mara moja kabla deni lililoijenga halijaisha. Isitoshe, deni hilo hulipwa kwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa 2007, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban Sh65. Kufikia 2025, ilihitaji karibu Sh130.

Kwa sababu hiyo, mpango kamili wa kukarabati barabara ya jiji hauna budi kuwa na bajeti mbili: ya kuijenga na ya kuitunza. Ya kwanza hupata wafadhili, sherehe na bamba lenye jina la kiongozi. Ya pili haina utepe wa kukatwa, nayo ndiyo rahisi kupunguzwa fedha zinapokosekana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Barabara ya Thika, atakayeujenga ukuta huo ni mlipa kodi yule yule ambaye bado anaulipia ule wa kwanza. Wananchi wanapoalikwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu barabara mpya, aghalabu huuliza itakuwa na leni ngapi na itakamilika lini. Yapo maswali mengine mawili yanayostahili kujibiwa kwa maandishi kabla ya mkataba kutiwa saini: Wanaotembea kwa miguu watavukia wapi, na fedha za kuzibua mitaro katika mwaka wa kumi zitatoka kwa nani?